Bondwa: hicho kibegi cha kiunoni kitakuacha mlimani

Mkuu, usinunue hicho kibegi.

Umeuliza kama kibegi cha kiunoni cha Sh 45,000, eti "cha kijeshi", kinatosha kubebea vifaa vya dharura mkienda Bondwa, kilele cha milima ya Uluguru juu ya Morogoro mjini, mwezi huu wa nne. Picha uliyoweka nimeiona. Ni kilekile, hadi rangi. Mimi nilikuwa nacho, na usiku niliolala porini bila njiti hata moja, chenyewe kilikuwa gesti Morogoro mjini, juu ya kitanda nilichokilipia mimi.

Ilikuwaje? Tunashuka. Kule juu kwenye minara ya mawasiliano jua lilikuwa linawaka, tumepiga picha zetu, kila mtu shujaa. Chini kidogo mvua ikatukuta. Natoa koti la mvua, halifungi juu ya kibegi. Nikafungua klipu, nikakining'iniza kwenye begi la mgongoni, dakika mbili tu. Simu nayo nikaitumbukiza humo isilowe. Mbele kidogo goti likaanza kulalamika, na mwenzetu mmoja muungwana akasema lete begi nikusaidie. Nikampa na asante juu. Tochi, filimbi, kiberiti, kisu na simu vikaanza kushuka mlima bila mimi.

Nikachepuka kujisaidia. Ukungu wa Uluguru haukupi taarifa. Waliotangulia walijua nipo na wa nyuma, wa nyuma walijua nimetangulia. Nikarudi njiani, au nilipodhani ndiyo njia, kumbe ni kijia cha mashambani. Vipo vingi, maana Waluguru wanalima hadi pembezoni mwa msitu, na kila shamba lina kijia chake. Niliita hadi koo likakauka. Mvua ikipiga kwenye majani, sauti ya mtu haiendi popote. Filimbi ya Sh 1,000 ingefika. Tena unapuliza mara tatu, unatulia, unarudia, na hata asiyekujua anaelewa kuna mtu ana shida. Yangu ilikuwa ya rangi ya chungwa, nzuri kweli.

Halafu giza. Huku kwetu jua likizama halina maandalizi, ikifika saa moja huoni vidole vyako. Sikuthubutu kutembea gizani kwenye mteremko ule wa udongo mwekundu, nikajibanza chini ya ukingo.

Sisi wa Dar tunajua baridi ipo Njombe na Makete. Sikiliza: Morogoro mjini ni kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, Bondwa ni zaidi ya mita 2,000, na kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua takribani nyuzi 6. Ongeza nguo zilizolowa. Maji hunyonya joto la mwili mara kama 25 kuliko hewa, kwa hiyo si lazima kuwe na barafu ndipo mtu agande. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 ni hali ya hatari, na dalili mojawapo ni mikono kukataa kazi. Yangu ilishindwa kufunga kamba ya kiatu. Nakwambia hivyo ili ujue kwamba hata kibegi kingekuwepo, zipu zake ndogo ndogo zile zingenishinda.

Alfajiri akapita mama mmoja na tenga la mboga kichwani anawahi soko. "Mwanangu, umelala hapa?" Shikamoo yangu ilitoka kwa vipande vitatu. Akatua tenga, akafungua pindo la kanga, akatoa kiberiti. Kikavu! Kilifungwa pamoja na hela za nauli, kwenye nguo ambayo hakuwa na sababu ya kuivua. Cheka tu, nyumbani wameshacheka, wewe si wa kwanza.

Sasa yule jamaa wa video anayekinadi hicho kibegi. Mnamjua aina yake: kofia ya kombati, anakwambia "vifaa vyote sehemu moja, kila kitu mkononi", na kiungo cha kununulia kipo hapo chini. Video amerekodia bustanini, nyuma yake kuna bomba la kumwagilia maua. Mvua hajawahi kuipokea na hicho kitu kiunoni. Na muuzaji niliyempigia baadaye akaniambia tatizo ni mimi, ningenunua na cha kifuani. Yaani niwe na vibegi viwili vya kuvua!

Sheria yangu ni moja: kitu cha kukuokoa kikae kwenye nguo ambayo huivui mbele za watu. Suruali, basi. Begi utaweka chini ukikaa kula, koti utavua ukitoka jasho, kibegi utafungua kikikubana. Suruali unayo hadi mwisho.

Nenda soko la Karume ukachague ya mtumba yenye mifuko ya pembeni, kitambaa chepesi kinachokauka upesi. Jinzi hapana, ikilowa hukauki leo wala kesho. Mpelekee fundi cherehani aweke zipu pana kwenye mifuko hiyo na kijifuko kimoja kwa ndani, karibu na kiuno. Kwenye zipu funga kipande cha kamba ili uivute hata kwa kiganja. Jumla hufikii nusu ya bei ya kibegi.

Humo weka vichache: kiberiti cha gesi, tochi ndogo, mfuko mkubwa mweusi wa taka uliokunjwa vizuri (unatoboa tundu la kichwa, unaingia, mvua na upepo vinabaki nje). Kwa fundi baiskeli omba tyubu iliyochoka. Kipande kimoja kivishe kiberiti kisilowe, vingine kata vipande vyembamba, ukiviwasha vinawaka hata kama vimelowa. Moshi wake mbaya, usiuvute. Simu nayo suruali hiyohiyo, namba ya dharura 112 haipigwi kwa miujiza.

Filimbi peke yake ndiyo ya shingoni, chini ya fulana. Chukua ya plastiki isiyo na gololi ndani, maana ya gololi ikiingia maji inaweza kukwama. Kamba yake iunge sehemu moja kwa uzi mwembamba, ili ikinaswa na tawi uzi ukatike kabla ya shingo yako.

Kabla hamjapanda treni ya SGR, fanya jaribio. Vaa vyote, jimwagie ndoo ya maji bafuni, vua koti, weka begi sebuleni, zima taa. Kisha washa tochi na upulize filimbi. Fundi wangu alishona kijifuko upande wa kushoto, nami ni mtu wa kulia. Nimekigundua hivyohivyo, gizani, jirani anagonga ukuta. Nikairudisha suruali kwa fundi kesho yake.