Anza na kitanda cha mtoto kabla hujamtoa paka

Mama mwenzangu, umeuliza kama umtoe paka na zulia kwa sababu mwanao wa miaka minne anakohoa kila usiku na kifua chake kinatoa mlio kama wa filimbi, na daktari amekwisha kukuambia kuwa ni pumu inayochochewa na mzio. Nakujibu kwa yale yaliyotupata mimi na binti yangu hapa Tanga.

Ningekushauri uanze na kitanda. Sisi tulihangaika na sebule kwa miezi mingi, tukaondoa zulia na mapazia mazito, na bado ikifika saa tisa za usiku mtoto alikuwa akiamka, anaketi na kushika ukingo wa godoro kwa mikono miwili huku akitafuta pumzi. Asubuhi moja nilipokuwa nikitandika, jua likiwa limepenya dirishani, niliupiga kwa kiganja mto wake wa sufi, nao ukatoa vumbi jembamba lililoelea katika mwanga ule kwa muda mrefu bila kutua. Hapo ndipo alipokuwa akilaza uso wake usiku kucha. Katika matandiko huishi wadudu wa jamii ya utitiri, wasioonekana kwa macho, ambao hula magamba ya ngozi zetu na kustawi penye unyevu, na sisi watu wa pwani unyevu hatuukosi. Kinachomsumbua mtoto hasa ni kinyesi chao, ambacho humwingia anapovuta hewa.

Mto ule niliuondoa siku hiyohiyo, ingawa ulikuwa zawadi ya bibi yake, na godoro nikalivika mfuko wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, wenye zipu. Mashuka na foronya huyafua kila wiki kwa maji ya moto ya nyuzi joto 60, kwa kuwa maji baridi huondoa uchafu lakini wadudu wengi hubaki hai. Mwanasesere wake wa manyoya hukaa kwenye friza siku nzima, kisha namfua. Chandarua usikiondoe kamwe, maana malaria nayo ipo. Kifue taratibu na ukianike kivulini, kwa sababu jua kali huharibu dawa yake.

Baada ya kitanda, shughulikia mende. Kinyesi chao na maganda yao yakikauka huchanganyika na vumbi, na ni chanzo kikubwa cha mzio kwa watoto wenye pumu wanaoishi katika nyumba zilizobanana. Mimi nilikosea nikapuliza dawa ya kopo jikoni, na usiku uleule binti yangu akabanwa vibaya. Kilichotusaidia ni kutolaza vyombo vichafu, kuziba nyufa za chini ya sinki, kurekebisha bomba lililokuwa likivuja na kuweka chambo cha jeli mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Sakafu tunaipiga deki badala ya kuifagia kavu. Wakati wa masika kagua pia ukuta wa nyuma ya kabati, kwani kuvu hupenda kujificha hapo.

Moshi si mzio, lakini huzikera njia za hewa ambazo tayari zimevimba: wa mkaa, wa sigara, wa dawa ya mbu ya kuchoma, na hata wa udi. Udi ninaupenda mno, na kuuacha kuliniuma, ila sijauchoma ndani tangu wakati huo.

Usafi huu wote usikufanye umwachishe dawa ya kila siku ya kuzuia pumu. Mimi niliwahi kumwachisha bila kumuuliza daktari, na haukupita muda mrefu kikohozi kikarudi. Ukiona mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, midomo inabadilika rangi, au anashindwa kuzungumza, mpe dawa yake ya dharura ya kuvuta na umkimbize hospitali bila kungoja kukuche.

Kuhusu paka, mwombe daktari kipimo cha ngozi kwanza, kwa sababu huenda siye anayemdhuru mwanao. Kwa sasa mzuie asiingie chumba anacholala mtoto. Kipimo kikionyesha kuwa ni yeye, mtafutie makao mengine, lakini usitarajie nafuu wiki hiyohiyo, maana mabaki ya mate na ngozi yake hukaa kwenye viti na kuta kwa miezi kadhaa.