Limbukeni, mzoefu na mwenyeji

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kwetu ni Tanga, ila huu ni mwaka wa tisa naishi Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Tangu mwaka jana mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka 11 tumeingia kwenye mchezo wa jiokashingi, ule wa kusaka kwa GPS vikopo vilivyofichwa porini na mjini. Tumeshapata 47. Juzi nilimwandikia kaka yangu kwamba "sasa nimekuwa mzoefu". Akacheka, akanijibu: "Mzoefu ni mwizi wa kuku." Jioni ile ile binti akauliza, mtu ambaye bado hajawa mzoefu anaitwaje kwa Kiswahili? Nikamwambia limbukeni. Mama yake akanuna mpaka chakula kikapoa. Nani kati yetu amekosea? Na ni lini hasa mtu anayeanza anakuwa mzoefu?

JIBU: Marahaba. Nianze na mkeo, maana chakula kimepoa. Hapo haki ni yake.

Limbukeni halikuzaliwa na ubaya. Limetokana na kulimbuka, yaani kuonja mazao ya kwanza ya msimu: hindi la kwanza kuchomwa, embe la kwanza kuanguka. Wasomaji wa Biblia wanayajua "malimbuko". Kwa asili, basi, limbukeni ni mtu anayeonja jambo kwa mara ya kwanza, na ukimpeleka mkeo kwenye kamusi unaweza kushinda kesi. Nyumbani utashindwa. Mtaani limbukeni ni yule aliyenunua simu jana na leo anaongea kwa sauti ndani ya daladala ili kila abiria aione. Hatumcheki kwa kutojua. Tunamcheka kwa kuwa kipya kimemlevya. Ukimwita mtoto limbukeni, mama yake hasikii hindi la kwanza, anasikia simu ya daladala.

Ungemwambia nini binti? Mwanagenzi ni neno zuri, lakini linataka mwalimu. Mwanagenzi yuko chini ya mkono wa fundi, anajifunza kazi. Ndiyo maana serikali ya Tanzania inaita mafunzo ya ufundi kazini "uanagenzi". Anayechukua simu Jumamosi asubuhi na kwenda kutafuta kikopo bustanini hana fundi juu yake, kwa hiyo neno linamzidi kimo. Kurutu ni la jeshini, na linafaa kwa utani tu. Mchanga, kama katika "bado mchanga kwenye mambo haya", ni sahihi, ila lina harufu ya mzee anayekataa kukupa nafasi ya kusema. Kwa mtoto wa miaka 11 mimi ningesema tu: ndiyo kwanza anaanza. Au kwa neno moja: mgeni. "Mimi mgeni kwenye mchezo huu." Neno hili liweke pembeni, nitalirudia.

Sasa kaka yako. Amekuonea, lakini hakubuni. Mzoefu limejengwa kwa kitenzi kuzoea na kiishio -fu, kile kile kinachotupa mtiifu kutoka kutii na mharibifu kutoka kuharibu. Kiishio hicho hakijali kama jambo ni jema au baya. Kinasema tu kwamba hali fulani imemkaa mtu. Dereva mzoefu, mkunga mzoefu, mwizi mzoefu: neno linachukua rangi ya aliyelitangulia. Lakini wewe uliandika "nimekuwa mzoefu" ukakoma hapo, bila kusema wa nini, ukamwachia kaka nafasi ya kuijaza na kuku wa watu. Kwa mtu wa Tanga hiyo ni kama kumpa mpira mbele ya goli tupu.

Na kuna jambo ambalo wageni wa lugha hawalioni mpaka waishi nasi. Kuzoea kwetu kuna utamu na uchungu. Mgeni analia usiku wa kwanza bwenini, anaambiwa "utazoea tu", na hiyo ni faraja. Mtoto anamjibu mama yake kwa mkato, anaambiwa "umenizoea wewe!", na hapo kofi halipo mbali. Usinizoee maana yake usinivunjie heshima. Wahenga wakasema mazoea yana taabu. Kwa hiyo anayejitangaza mzoefu, hasa kwa kaka yake mkubwa, ajue anashika neno lenye ncha mbili.

Kisha kuna ile "nimekuwa". Haikuvunja sarufi, lakini nasikia Kiingereza kikipumua chini yake. Wenzetu wanahitaji kitenzi cha kuwa, halafu sifa. Kiswahili kina -me-, na kwa vitenzi vya aina hii -me- inatosha yenyewe kueleza hali iliyofikiwa: amechoka, amelala, ameiva, amezoea. Mtu aliyekaa Dar miaka miwili hasemi "nimekuwa mzoefu wa joto", anasema nimelizoea. Ukitaka kutilia mkazo kwamba jambo limekwisha kutimia, sema keshazoea. "Mzoefu" litunze kwa mahali pa kumtambulisha mtu au kumpima kwa kazi: "anatakiwa dereva mzoefu", "awe na uzoefu usiopungua miaka mitatu". Na kwa kuwa tupo hapo, naomba radhi nilalamike kidogo. Siku hizi nasoma "nilipata uzoefu mbaya hotelini". Uzoefu haupatikani usiku mmoja. Hotelini yalikukuta, au ulikumbana nayo, au ulikiona cha moto. Uzoefu wa hoteli mbaya anao yule aliyelala humo miezi sita.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la mwisho, na ndilo lililonifanya nichague barua yako.

Unauliza lini. Mchezo wenyewe hauna mzee wa kutangaza. Ulianza jirani na kwako. Serikali ya Marekani ilikuwa ikiyachafua kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, hata kipokezi kiliweza kukukosesha kwa mita 100. Uchafuzi huo ulizimwa tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton. Kesho yake mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer akaificha ndoo nyeusi karibu na Beavercreek, Oregon, akaweka vitu vidogo na daftari, akatangaza namba za mahali pake kwenye intaneti, na siku chache tu zikapita watu wakaifikia. Siku hiyo wote walikuwa wageni, hata aliyeficha. Leo kuna makopo zaidi ya milioni 3 duniani, na wachezaji bado wanabishana kama ulivyobishana na kaka yako: je, mzoefu ni wa 100 au wa 1,000?

Kwa Kiswahili, hesabu ina haki yake, kwa sababu uzoefu ni ndugu wa mazoea na mazoezi. Yote matatu yana mzizi mmoja, na mzizi huo unazungumzia kurudia. Aliyerudia mara 1,000 amezoea, huwezi kumnyima. Lakini hebu mwangalie amezoea nini. Jangwani Nevada kuna barabara iitwayo Extraterrestrial Highway, ambako vikopo vimewahi kupangwa kandokando kwa mamia na mamia, kila kimoja kikiwa mbali na mwenzake kwa ule umbali wa chini unaoruhusiwa, mita 161. Watu wanashuka kwenye gari, wanasaini daftari la kopo, wanapanda, wanashuka tena. Kwa siku moja mtu anaweza kupata mamia. Huyo ni mzoefu wa kufungua mlango wa gari.

Mwenzake ana 60 tu, lakini kimoja kilikuwa juu ya mti, kingine kilitaka afumbue fumbo la hesabu kabla hata hajajua aelekee wapi. Unajua kwamba kila kopo lina alama mbili, ya ugumu wa kulitafuta na ya ugumu wa njia, kuanzia 1 hadi 5 kwa hatua za nusu nusu. Ukizizidisha unapata michanganyiko 81, na wapo wanaotaka kuimaliza yote. Huyu wa 60 hatumwiti mzoefu kwanza. Tunamwita stadi, au mahiri. Ustadi uko mkononi, umahiri uko katika wepesi wa kulitenda jambo gumu. Mkongwe ni wa miaka, anaweza kuwa na kopo moja kwa mwezi tangu 2003. Mbobezi, gwiji, nguli na galacha waachie watangazaji wa mpira, wakiwarudisha, tutazungumza.

Kenya utasikia tajriba zaidi kuliko uzoefu, na katika jambo lako mimi Mtanzania nakubali kwamba wametupita. Tajriba ni ya Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa jaribu na jaribio. Uzoefu unatokana na kurudia, tajriba inatokana na kujaribu, na anayejaribu huwa pia anashindwa. Kwenye mchezo wenu, usipokiona kikopo unaandika hivyo hivyo, kwamba hukukiona. Wanaoanza wanaona haya kuandika, wakongwe wanaandika bila kusita, kwa sababu huenda kopo limepotea na mwenyewe anahitaji kujua. Hukuniambia yaliyokushinda ni mangapi. Hizo 47 ni uzoefu wako. Yaliyokushinda yahesabu kwenye tajriba.

Lakini kipimo cha Kiswahili ninachokipenda hakimo katika maneno yote hayo. Kimo katika methali unayoijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Angalia haisemi siku ya tatu mgeni anajua kulima. Inasema siku ya tatu anapewa kazi. Kinachomtoa mtu kwenye ugeni ni jembe. Gereji ni hivyo hivyo: siku moja fundi mkuu anakukabidhi gari la mteja, yeye anakwenda kunywa chai. Hakuna tangazo, hakuna cheti, ila vijana wenzako wote wameona.

Jembe la mchezo wenu ni kuficha. Waendeshaji wa mtandao mkuu wa mchezo hushauri mtu atafute angalau 20 kabla hajaficha la kwake, na sababu inaeleweka: lazima uwe umeona makopo yaliyoingia maji, madaftari yaliyooza, maficho yanayowafanya watu wakanyage maua ya manispaa, ndipo ujue la kutofanya. Ukishaficha, kopo ni lako. Mvua ikinyesha unakwenda kulikagua. Daftari likijaa unabadilisha. Watu wasiowajua wanakuja kwako bila kupiga hodi. Hapo kinyume cha mgeni si mzoefu tena, ni mwenyeji. Sikiliza neno lenyewe, ndani yake mna "mwenye". Huwezi kuwa mwenyeji bila kumiliki kitu kinachoweza kuharibika.

Kwa hiyo kwa 47 zako, ndugu yangu, umezoea. Mwenyeji bado.

Mawili ya haraka ambayo hukuuliza. "Jiokashingi" linatamkika kwa shida, na nashangaa tunalihangaikia huku tuna kasha. Neno la Kiingereza wanaloliita kopo hilo, cache, lilitoka kwenye Kifaransa cha kuficha, na kasha letu tulilipata kwa Wareno, kwa hiyo hawana undugu, lakini wamekutana mlangoni na kufanana kama mapacha. Sema kusaka makasha. Mchezaji awe msaka makasha, bila "wa", kama tusemavyo mpiga picha na mpita njia. Ukitaka "wa", ongeza -ji: msakaji wa makasha. Usiseme kufukua, kwa kuwa sheria za mchezo siku hizi zinakataza kuchimba bila ruhusa ya mwenye ardhi, ingawa ile ndoo ya kwanza ilizikwa nusu. Kiswahili kilishaweka jozi tayari, ficha na fichua, kama funga na fungua. Bahati mbaya waandishi wa habari wameshaichukua fichua kwa ajili ya ufisadi, na ukisema umefichua kitu bustanini kaka yako atauliza ni mkurugenzi gani.

Tena binti yako asidhani mambo haya ni ya Oregon tu. Amwulize baba yake kuhusu kombolela, mchezo wetu wa kujificha na kutafutana. Na shuleni kwao akikutana na mtoto kutoka Kenya, waulizane na kuhusu brikicho.

Ujumbe kwa kaka uandike upya: "Kaka, tumeshazoea kusaka makasha. Tumepata 47, mengine yametushinda. Mwezi ujao tunaficha la kwetu." Akikujibu habari za kuku, mjibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba wewe umeshainama mara 47. Na kwa mkeo, pasha chakula.