Saa ya mfukoni ya kale: fungua mgongo kabla hujafungua pochi

Karibu kila anayeniomba nimsaidie kuchagua saa ya mfukoni ya kale hunitumia picha ya mbele. Uso mweupe, mishale ya buluu, ganda linang'aa, mnyororo umelazwa pembeni kwa mapozi. Jibu langu halibadiliki: nionyeshe ndani. Ganda ni nguo, saa yenyewe ni mashine. Muuzaji anayesita kufungua mgongo, au anayedai kwamba "umegoma", mimi humshukuru na kwenda zangu.

Kwa saa za Marekani msimamo huu una historia nyuma yake. Kwa miongo mingi viwanda kama Waltham, Elgin na Hamilton viliuza mashine peke yake, na maganda yakatengenezwa na makampuni mengine. Mnunuzi aliingia kwa sonara, akachagua mashine, akachagua ganda, na sonara akaviunganisha. Kwa hiyo namba ya kwenye ganda kutofanana na ya kwenye mashine si kasoro hata kidogo. Inayokupa umri wa saa ni namba ya mashine, na orodha za namba za viwanda hivyo zinapatikana bure mtandaoni. Nimeshaona saa ya mwaka 1912 ikitangazwa kuwa ya 1880 kwa sababu tu mtu alisoma namba ya ganda.

Hata hivyo, kuna kuunganishwa na sonara, na kuna kuunganishwa juzi na mtu aliyeokota vipande. Tazama ukingo wa ndani wa ganda, pale skrubu mbili zinazoshika mashine zinapobana. Skrubu hizo huacha makovu. Ukiona makovu mengine pembeni, mahali ambapo hakuna skrubu, ganda hilo limewahi kubeba mashine nyingine. Si lazima uache kununua, ila bei ishuke.

Kuhusu kufungua kwenyewe: usiguse kisu. Mikwaruzo mingi unayoiona kwenye maganda ya kale ilitokana na visu vya watu wenye haraka. Migongo yenye bawaba ina sehemu ndogo ya kuingiza ukucha. Mingine ni ya kuzungusha, na hufunguka ukiibana kwa viganja viwili vikavu na kuizungusha kinyume na mishale ya saa. Ipo pia ya aina ya tatu isiyo na mgongo wa kufungua kabisa: unazungusha fremu ya kioo cha mbele, unavuta kitufe cha juu, na mashine nzima inainuka kwa bawaba yake. Asiyejua hilo huishia kuutoboa mgongo usiofunguka.

Ukishaona ndani, fanya jaribio ambalo mimi naliamini kuliko maneno yoyote ya muuzaji. Tafuta gurudumu linalocheza, ambalo mara nyingi lina skrubu ndogondogo kwenye ukingo wake. Hilo ndilo gurudumu la mizani. Saa ikiwa haijatiwa ufunguo, ilaze kiganjani na uigeuze kidogo kulia na kushoto. Gurudumu linapaswa kwenda na kurudi kwa ulaini kisha kutulia polepole lenyewe. Rudia uso ukiwa juu, kisha chini, kisha saa ikiwa imesimama kama inavyokaa mfukoni. Likicheza vizuri upande mmoja na kusita upande mwingine, kuna ncha ya ekseli iliyopinda au kulika, au kito, yaani kijiwe kinachoishika ncha hiyo, kilichopasuka. Ncha hizo zina unene wa karibu sehemu ya kumi ya milimita, na saa hizi za kale kwa kawaida hazina kinga ya mshtuko. Incabloc, kinga iliyoenea baadaye kwenye saa za mkononi, ilikuja miaka ya 1930. Saa ikidondoka mara moja kwenye sakafu, ncha hiyo imekwenda, hata kama kioo hakikupasuka.

Halafu kuna ile hadithi ya "imetiwa ufunguo kupita kiasi". Hakuna ugonjwa wa namna hiyo. Kamani, yaani springi inayoendesha saa, ikijaa, imejaa tu. Saa iliyojaa na isiyotembea ina mafuta yaliyoganda, uchafu au kitu kilichovunjika, na bei yake ni bei ya saa mbovu.

Sasa tuangalie sehemu inayozuia nguvu ya kamani na kuiachia kidogo kidogo, ile inayotoa tik-tak. Saa nyingi za bei nafuu za Uswisi na Ufaransa za karne ya 19 zinatumia silinda, mfumo ulioboreshwa na George Graham huko London katika miaka ya 1720. Nyingine zinatumia nanga, mfumo ambao mwanzo wake ni kazi ya Thomas Mudge, Mwingereza pia, miaka ya 1750. Mara nyingi huhitaji hata kioo cha kukuzia ili kuzitofautisha: soma kifuniko cha ndani. Kikichongwa "Cylindre" ni silinda, na kikichongwa "Ancre" ni nanga. Kama ndiyo kwanza unaanza, achana na silinda. Inapendeza kuitazama, lakini silinda yenyewe hulika, na fundi wa kuichonga upya ni shida kumpata. Nanga inatunza muda vizuri zaidi na inatengenezeka.

Vito navyo vimewapumbaza wengi. Ni vijiwe vya kupunguza msuguano tu, na tangu mkemia Mfaransa Verneuil alipotangaza njia ya kutengeneza rubi kiwandani mwaka 1902, thamani yake kama mawe ni ndogo mno. Vito 7 ni kiwango cha chini kwa mashine ya nanga, 15 ni vizuri, 17 vinatosha kabisa. Mimi hutazama zaidi neno "Adjusted" na kinachofuata baada yake, kwa sababu linaonyesha kwamba kiwandani kuna mtu aliipima mashine hiyo katika mikao mbalimbali, au kwenye joto na baridi, akairekebisha.

Hapo ndipo saa za reli zilipopata jina lao. Mwaka 1891 treni mbili ziligongana Kipton, Ohio, lawama ikaangukia saa ya mfanyakazi iliyokosea, na katika miaka iliyofuata sonara Webb C. Ball akasimamia ukaguzi wa saa za wafanyakazi wa reli. Masharti yakawa makali: isikosee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki, iwe na vito visivyopungua 17, irekebishwe kwa mikao mitano, iwe na tarakimu zinazosomeka. Tena mishale isirekebishwe kwa kuvuta kitufe, bali kwa kijiti kilichofichwa chini ya fremu ya kioo, ili mtu asiisogeze kwa bahati mbaya. Wasiojua huvuta kitufe kwa nguvu zote mpaka kitu kinakatika. Hamilton 992 yenye vito 21 ni mfano mzuri wa saa za namna hii. Ila picha ya garimoshi kwenye uso au mgongoni haithibitishi lolote. Saa nyingi dhaifu zilichorwa garimoshi ili ziuzike.

Kuhusu dhahabu, nitasema kidogo tu. Alama 750 ni karati 18, 585 ni karati 14. "Guaranteed 20 Years" ni ahadi kwamba tabaka la dhahabu juu ya madini mengine halitachubuka kwa miaka hiyo, kwa hiyo ukiiona, hiyo si dhahabu tupu. Kinachoniuma ni kwamba bei ya dhahabu ikipanda, maganda ya dhahabu halisi hupelekwa kuyeyushwa na mashine zake huuzwa kwa mafungu. Basi mimi hununua hizo yatima. Ni rahisi, hazichukui nafasi, na kwa kujifunzia hakuna kitu bora zaidi. Tena viwanda vya Marekani vilijengwa juu ya vipuri vinavyobadilishana, kwa hiyo mashine iliyokufa huiponya nyingine, mradi modeli na daraja vilingane. Kwa saa za Kiingereza zilizomaliziwa kwa mkono usitegemee hilo.

Utunzaji hauna mambo mengi. Itie ufunguo wakati uleule kila siku, usiipulizie mafuta ya kopo, iweke mbali na sumaku. Ikianza ghafla kukimbia dakika kadhaa kwa siku, isogeze karibu na dira: sindano ikicheza pamoja na mizani, imeshika sumaku, na fundi ataiondoa kwa dakika chache. Tahadhari moja nzito: tarakimu za kung'aa gizani kwenye saa za mwanzoni mwa karne ya 20 mara nyingi zina radiamu. Hata zisipong'aa tena, mionzi bado ipo, maana radiamu huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Usikwangue, usifungue kioo chake nyumbani.

Kwa saa ya kwanza ningekuelekeza kwenye Waltham au Elgin ya saizi 16, yaani mashine ya kama milimita 43, yenye vito 15 au 17. Zilitengenezwa nyingi mno, hivyo vipuri vipo. Muuzaji akisema "inatembea", muulize ilisafishwa lini na nani. Kutembea peke yake hakumaanishi imehudumiwa. Na kabla hujalipa, zungumza na fundi atakayeishika. Akikuuliza namba ya mashine kabla ya kukutajia bei yake, huyo mshike.