Leso kwenye kamba: kutunga mchezo wa kuigiza na wenzako

Mchezo wangu wa kwanza niliuandika peke yangu, nikawapa waigizaji wakariri. Ndani yake mlikuwa na mawifi wawili wanaogombea nyumba ya urithi Mji wa Kale, Mombasa: kurasa tatu za matusi, na matusi yenyewe mazuri. Tulikuwa tukifanya mazoezi barazani kwa rafiki yetu, na jirani yake, bi mkubwa mmoja muuza mahamri, akitutazama kila jioni. Siku ya nne uvumilivu ulimwisha. "Mwanangu, hawa ni wanawake wa wapi? Wifi hatukanwi hivyo. Huanikiwa leso."

Tukajaribu. Mmoja akatundika kambani leso, yaani kanga, yenye jina (yale maneno yaliyochapwa juu yake) *Hasidi hana sababu*, akaenda zake jikoni. Mwenziwe akaisoma, akanyamaza, kisha akaingia ndani kutafuta yake. Kurasa tatu zikafa pale pale. Sikulala vizuri usiku ule, nisiwafiche.

Tangu hapo sianzi na maneno. Naanza na hali: nani anataka nini, na nani kamzibia njia. Waigizaji wanabuni papo hapo kwa dakika ishirini hivi, simu inarekodi, nami nimefunga mdomo. Usiku huo huo nakaa niandike, maana nikilala nitakumbuka maneno tu na kusahau nani alimpa nani mgongo. Na usinakili kila kilichosemwa. Mtu anayebuni husema jambo moja mara tano kwa kuwa bado analitafuta. Mara nyingi ile ya nne ndiyo yenyewe.

Lugha nayo iachie wenyewe. Mwigizaji wetu wa Kibokoni aliichukua "njoo, nina njaa" akaisema kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, "ndoo, nna ndaa", na yule mzee aliyemwigiza akawa mtu wa Mvita kweli. Kijana wa Kisauni tulimwachia sheng yake. Ukiwapigia pasi wote wawe na Kiswahili sanifu, utapata ukumbi mzima wa wasoma habari.

Hili si geni Kenya. Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walileta rasimu ya mchezo wa *Ngaahika Ndeenda* na wanakijiji wakaichambua kwenye mazoezi ya wazi, wazee wakikosoa namna wahusika wazee wanavyozungumza. Kufikia siku ya kwanza ya maonyesho, wengi walikuwa washayajua mazungumzo kwa ghibu. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo Novemba ya mwaka huo huo.

Sasa penye kidonda: jina. Kikundi kimoja nilichofanya nacho kazi, sikitaji, kilichapisha bango lenye mwandishi mmoja tu. Waigizaji wawili waliokuwa wamebuni sehemu nzima za mchezo wakaondoka, na sehemu zao wakaondoka nazo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaitambua kazi ya pamoja, ambayo mchango wa mmoja hautenganishiki na wa mwenzake, na haki hudumu miaka 50 baada ya kufa yule wa mwisho wao. Lakini nani ataenda kortini kwa mchezo ulioingiza nauli ya matatu? Andikeni ukurasa mmoja kabla ya zoezi la kwanza, wakati bado mnacheka: nani ni mwandishi, nani wametajwa kuwa wabunifu, mapato yanagawanywa vipi, na nani ana ruhusa ya kuuigiza tena mkishatawanyika. Kila mtu atie sahihi. Humo pia andikeni ni nani mwenye kalamu ya mwisho, na awe mmoja.

Mkisha kupata rasimu, isomeni mbele ya watu kumi wasiowajua vizuri. Msiwaulize "mmeonaje?" Watasema nzuri, ndio adabu yetu. Waulize walichoka wapi, na ni nani kati ya wahusika wanadhani anadanganya. Kama wanamtuhumu mkweli wenu, rudini mkaandike.

Siku kumi kabla ya onyesho mimi hufunga hati: hakuna neno linaloingia wala kutoka. Mara moja tu nimevunja sharti hilo, na ni kwa sababu ya bi mkubwa yule yule. Alikuja mazoezini, akaitazama ile leso ya jukwaani tuliyonunua, akasema mawifi wenye nyumba ya urithi hawajifungi kitu kama hicho. Akatuletea ya kwake, kuukuu, jina limefifia, na tukabadilisha mstari ambao mwigizaji anaisoma leso.