Nani asimamie wosia wangu?

SWALI: Mimi ni mjane, Mkristo, nina miaka 54, naishi Mbagala. Mwanangu wa kwanza yuko Uingereza, wa pili ni mwalimu hapa Temeke, wa mwisho yuko kidato cha tatu. Tuna nyumba aliyoiacha mume wangu, na mimi nimenunua kiwanja Kigamboni. Shemeji anasema msimamizi wa wosia lazima awe mkubwa wa ukoo. Ni kweli? Mtoto wangu haruhusiwi? – Mama wa watatu

JIBU: Si kweli, mama. Msimamizi unamchagua mwenyewe, mradi awe mtu mzima mwenye akili timamu, na mrithi anaruhusiwa.

Mpime kwa kazi inayomsubiri. Atafuata cheti cha kifo, atafungua shauri la mirathi (kwa Dar es Salaam ni Kituo Jumuishi cha Temeke, mahakama ya masuala ya familia), atahudhuria kila linapotajwa, atazunguka benki na ofisi za ardhi, atalipa madeni, ndipo agawe. Ndani ya miezi 6 tangu mahakama imthibitishe anatakiwa apeleke orodha ya mali na madeni, na ndani ya mwaka 1 hesabu ya alivyogawa. Mtu asiyetunza risiti kazi hii itamshinda, hata kama vikao vya ukoo anavimudu vizuri.

Sisi tungemweka mwalimu. Wa Uingereza hakatazwi, ila kila kiapo na kila sahihi itasubiri nyaraka zisafiri au yeye apande ndege. Wa mwisho bado mdogo. Yeye mwandikie mlezi.

Lakini mwalimu naye ni mrithi, na ndugu wataanza kuulizana kodi ya wapangaji, kama nyumba inao, inaishia wapi. Mpe mwenzake asiye na fungu katika mali: rafiki wa familia au mzee wa kanisa aliye karibu. Wawili wanatosha. Wakiwa wanne, mmoja akisafiri karatasi zinakwama. Andika pia nani atashika nafasi iwapo mmoja atafariki au atakataa, maana sheria inamruhusu kukataa. Kwa hiyo waulize sasa, usiwashtukize msibani. Majina yaandike kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. “Mama Neema” peke yake italeta ubishi.

Wosia uweke tarehe na usaini mbele ya mashahidi wawili, nao wasaini mbele yako. Hapa wengi huharibu: mtoto aliyeachiwa kitu anaitwa kusaini kama shahidi, kumbe kwa sheria inayotumika kwa wosia wa Kikristo fungu lake linapotea, hata kama shahidi ni mke au mume wake. Jirani asiyepata kitu anafaa zaidi. Ukimaliza, RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini) hupokea wosia na kuutunza. Waambie wasimamizi wote wawili kwamba uko huko.

Jambo moja linatutia wasiwasi: hiyo nyumba. Angalia hati ina jina la nani. Kama bado ni la marehemu na mirathi yake haijafunguliwa, huwezi kuiusia yote kana kwamba ni yako, na msimamizi wako atakwama hapohapo hata awe hodari vipi. Fungua kwanza mirathi ya mumeo, fungu lako lijulikane, ndipo uliandike. Kiwanja cha Kigamboni, kama karatasi zina jina lako, kiandike hata leo.