Viwavijeshi: maswali yenu ya msimu huu

Mvua zimeanza tu meseji zimejaa, karibu zote viwavijeshi, hawa viwavi wanaotembea kundi na kumaliza nafaka na nyasi. Najibu yale yanayojirudia.

Miaka kadhaa sijaona hata mmoja, leo asubuhi shamba zima jeusi! Wametoka wapi? (Kilosa)

Wameletwa na upepo ndugu yangu. Mama yao ni nondo, anasafiri usiku, hata mamia ya kilomita, halafu pale mvua inapokusanya upepo wanashuka wengi sehemu moja, wanapandana, wanataga, jike mmoja anaweza kufikisha mayai elfu moja, na siku chache tu yameshaanguliwa. Wiki ya kwanza huwaoni, ni vidogo, vya kijani, vimejichanganya na nyasi. Ukija kuwaona wameshakuwa weusi wana michirizi na majani yameisha, ndo maana watu wanasema wamedondoka jana usiku. Msimu mbaya mara nyingi ni ule wa mvua zinazokuja baada ya ukame, so kama mwaka jana kwenu kulikauka, mwaka huu tembea shambani, angalia na nyasi za pembeni.

Si ndo hawahawa wanaokula mahindi kila mwaka?

Hapana. Wa kila mwaka ni viwavijeshi vamizi, asili yao Amerika, Afrika waliripotiwa 2016 na mwaka uliofuata tukawa nao. Yule anajichimbia kwenye moyo wa mmea, kichwani ana Y iliyopinduliwa, karibu na mkia madoa manne meusi yamekaa mraba. Hawa wengine ni wa kwetu tangu zamani, wanakuja wanapotaka, wanatembea kundi na kula jani mchana kweupe wanaacha uti wa kati tu.

Nipige dawa gani?

Kabla ya dawa niambie wana ukubwa gani. Wakiwa chini ya sentimita moja na nusu hivi, piga leo, usingoje Jumamosi. Wakishafika sentimita tatu, wanene, hapo pesa yako inaenda bure maana wameshakula karibu chote na siku mbili tatu zijazo wanaingia ardhini kuwa buu bwete (wanalala humo mpaka watoke nondo). Hapa ndo watu wanapodanganyika kila msimu: mtu kapiga dawa Jumatatu, Jumatano shamba kimya, anaenda kuisifia dawa kijiji kizima, kumbe wako chini ya udongo wamelala! Dawa yenyewe iwe imesajiliwa kwa viwavi (wanaosajili Tanzania ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, Kenya ni PCPB, bodi ya viuatilifu), fuata kipimo cha kwenye lebo, piga jioni au asubuhi mapema. Na ile ya kumiminiwa kwenye chupa ya soda hapo gulioni achana nayo kabisa.

Wako kwa jirani, wanaandamana kuja kwangu.

Chimba mtaro kukatisha njia yao, ukuta wa upande wako uwe wima ili wakitumbukia wasipande, uwaue humo humo. Ni kazi ya jasho lakini kwa shamba dogo inasaidia. Na mpigie bwana shamba leo hii, kwa sababu nondo wa kwenu ndo wanaenda kuwasumbua wa mbele, toka Tanzania wanapanda Kenya mpaka Ethiopia.

Ng'ombe wale tu hayo majani yaliyobaki?

Subiri kwanza. Malisho yaliyotoka kuliwa na viwavi wengi yamewahi kuua ng'ombe. Hamishia kwingine mpaka nyasi zichipue vizuri, na kama pamepigwa dawa hesabu siku za kwenye lebo.

Mahindi yamebaki vijiti, nipande upya?

Yalikuwa na majani mangapi? Kama hayajafika sita, kichipukizi bado kiko chini ya udongo, ngoja kama wiki moja uone jani jipya. Likikosekana, panda, ila hakikisha viwavi wamekwisha hata kwenye nyasi za mpakani.

Na maharage yangu je?

Hawayagusi, wao ni nafaka na nyasi tu. Usipige kitu.