Kwa nini nichanganue variansi ilhali ninalinganisha wastani?

Swali: Nilifanya jaribio la mahindi lenye vikundi vinne: bila mbolea, mbolea ya kupandia (DAP) peke yake, mbolea ya kukuzia (urea) peke yake, na zote mbili. Shamba liko kwenye mteremko, nami nililigawa katika safu tano kutoka juu hadi chini, kila safu ikiwa na ploti moja ya kila kikundi, niliyoipanga kwa kura. Wastani wa mavuno, kwa mfuatano huo wa vikundi, ni tani 2.1, 3.0, 2.8 na 3.9 kwa hekta. Nilipima mimea kumi katika kila ploti, hivyo nina vipimo 200. Nililinganisha vikundi viwili viwili kwa jaribio la t (kipimo cha kitakwimu cha kulinganisha wastani wa vikundi viwili), lakini msimamizi wangu ameirudisha kazi na kuniagiza nitumie uchanganuzi wa variansi. Kwa nini?

Jibu: Msimamizi wako yuko sahihi. Vikundi vinne hutoa jozi sita, na ukiipima kila jozi kwa kiwango cha asilimia 5, basi hata kama mbolea haina athari yoyote, uwezekano wa kuona walau tofauti moja isiyokuwapo hupanda hadi takriban asilimia 20.

Ama kuhusu variansi, yaani kipimo cha mtawanyiko, fikiria kwamba ploti mbili zilizotiwa mbolea ileile hazitoi mavuno sawa. Hilo ndilo lililomshughulisha mtakwimu Ronald Fisher, aliyeanza kazi mwaka 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Pengo kati ya tani 2.1 na 3.9 halina maana mpaka tujue ploti zilizotendewa sawa hutofautiana kiasi gani zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo tunaugawa mtawanyiko wote wa mavuno katika mafungu, kisha tunauliza kama fungu la mbolea linalizidi lile linalotokana na bahati tu.

Wastani mkuu wako ni tani 2.95. Ukichukua umbali wa kila kikundi kutoka hapo, ukauzidisha kwa wenyewe, ukajumlisha na kuzidisha kwa ploti tano, unapata 8.25, gawanya kwa digrii 3 za uhuru (idadi ya tofauti zinazojitegemea, hapa vikundi vinne toa moja), unapata 2.75. Katika jedwali la ploti ulilonitumia, mtawanyiko ndani ya vikundi ni 8.0, ambao ukigawanywa kwa digrii 16 (ploti 20 toa vikundi 4) ni 0.5, na hivyo F, yaani 2.75 gawanya kwa 0.5, ni 5.5, juu ya kikomo cha 3.24 (thamani ambayo bahati tu huivuka mara 5 kwa 100). Hata hivyo, usiishie hapo, kwa sababu 5.0 kati ya hiyo 8.0 inatokana na mteremko, yaani tofauti kati ya safu na safu. Ukiiondoa, inabaki 3.0 kwa digrii 12 (safu tano zimechukua 4), sawa na 0.25, na F inapanda hadi 11.0 dhidi ya kikomo cha 3.49. Uliligawa shamba kwa busara, na ingekuwa hasara kuusahau mgawanyo huo wakati wa hesabu.

Sasa nikuombe kwa dhati uache kuhesabu vipimo 200. Mbolea uliitia kwenye ploti, hukuitia kwa kila mmea kwa kura yake. Mimea kumi ya ploti moja imekula chungu kimoja, ikashiriki udongo na maji yaleyale. Chukua wastani wa kila ploti, ubaki na tarakimu 20. Ukiingiza zote 200 kana kwamba kila mmea unajitegemea, programu itakupa digrii 196 za uhuru bila kulalamika, na matokeo yatakuwa na uhakika usio wake. Kosa hili nimeliona mara nyingi kuliko jingine lolote katika tasnifu ninazozisoma.

Chora pia masalia ya ploti, yaani kinachobaki katika kila ploti baada ya kuondoa athari ya kikundi na ya safu, uone kama mtawanyiko wake unalingana katika vikundi vyote.

Baada ya F, wengi hukimbilia jaribio la Tukey, linalolinganisha jozi zote za vikundi kwa pamoja, ambalo kwako lingetaka pengo la tani 0.94 kati ya vikundi viwili. Wewe una njia bora zaidi, kwa kuwa vikundi vyako vinatokana na maswali mawili: je, mbolea ya kupandia ipo au haipo, na ya kukuzia ipo au haipo? Igawe ile 8.25 kwa maswali hayo. Ya kupandia imeongeza tani 1.0 kwa wastani, ikichukua 5.0 (F ni 20.0), ya kukuzia imeongeza tani 0.8, ikichukua 3.2 (F ni 12.8), na mwingiliano wa hizo mbili umechukua 0.05 tu (F ni 0.2), wakati kikomo kwa kila moja ni 4.75. Andika, basi, kwamba kila mbolea imeongeza mavuno, na kwamba jaribio hili halikuonyesha kuwa athari ya moja inategemea kuwapo kwa nyingine.